Crochet yenye ngozi ya kupasuka

Ninyi batoto benye munaingia leo mu chumba ya kuosha byombo ya operesheni, munavaa gants mpya na munafikiri kazi ni maji na sabuni, mimi Kavira niko na maneno kwenu. Nilioshaka byombo myaka makumi mbili na moja mu lopitali moja ya hapa Butembo. Masomo yangu iliishia mu mwaka ya ine ya primaire, donc hapana mutafute grammaire hapa. Mutafute kitu ingine. Na musifikiri nilitoka ku kazi juu ya uzee. Niko na myaka makumi ine na tisa. Balinipumuzisha. Benye balinipumuzisha nitabataja kwa majina, juu bao jina yangu balilitaja mbele ya batu bila haya.

Chumba yetu ilikuwa nyuma ya sale ya operesheni. Dirisha moja, meza mbili ya simenti, na ile sufuria kubwa ya mvuke yenye tulikuwa tunaita Mama Mukwe, juu ukimufungua mbele ya saa yake anakuunguza uso.

Mwenye alinifundisha ni Sœur Imelda, masista mufupi wa Lubero, mwenye mikono kubwa kama ya mupasua mbao. Siku ya kwanza alinipatia mukasi yenye nilikuwa nimeosha, akauliza:

—Kavira, hii ni safi?

—Ni safi, Ma Sœur.

Akafungua mukasi, akapitisha kitambaa nyeupe mu kiungo, pale penye mapanga mbili inakutana. Kitambaa ikatoka nyekundu.

—Njo usafi ya kwenu?

—Kwetu hatupasuaki batu, Ma Sœur.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nilirudilia ile mukasi mara ingine saba, na ya saba akanituma tena, juu tu ya kunionyesha kama kicheko na kazi ni bintu mbili.

Damu ikikauka inakuwa simenti. Hii neno ni yake. Kiombo ikitoka mu tumbo ya mutu, hapana iache ikungoje mpaka umalize chai. Uiloweshe palepale, ufungue kila kiungo, upitishe brosi mu kila katundu, na uangalie maji yenye inatoka, si brosi yenye inaingia. Macho yako ni mwongo. Macho inapenda kumaliza kazi. Kitambaa na pamba haina haraka, njo maana tunaziamini.

Zamani, mwanamuke akiwa na shida mu tumbo ya chini, balikuwa banamupasua kutoka kitovu mpaka chini, kama gunia ya muhogo. Kisha Docteur Muhindo akarudi kutoka masomo Kampala, na nyuma yake masanduku. Ndani mulikuwa camera ndogo yenye inaingia ku kitovu, televisheni, chupa ya gaz ya kuvimbisha tumbo ili docteur apate nafasi ya kuona, na byuma birefu, byembamba kama rayon ya gurudumu ya baiskeli. Anatoboa tutundu tatu tu. Mwanamuke anaingia siku ya pili, siku ya ine anarudi kwake na miguu yake. Batu balikuja kuangalia kama cinéma.

Kati ya ile byuma muko moja, crochet. Nisikilizeni hapa muzuri, juu habari yote inakaa mu hii chuma. Ni karefu kama mukono, na ku ncha kamepindika kama ndoano. Ndani ni chuma, inje banakavalisha ngozi nyeusi ya plastiki. Courant ya umeme inapita mu chuma mpaka ku ncha, na ncha njo inachoma nyama mubaya. Ngozi kazi yake ni kuzuia courant isitoke njiani. Mutu mwenye aligusaka waya ya kuchunika mu nyumba anaelewa. Sasa, camera inaonaka ncha tu. Docteur anaangalia ncha. Ngozi ikiwa na ufa nyuma, hata ndogo kama unywele, courant inatoka pale na kuchoma utumbo, na hakuna mutu anaona. Haitoe damu. Inaacha kadoa kweupe. Mugonjwa anaamuka, anacheka, anakula, anaenda kwake. Kale kadoa kanaoza polepole, kisha kanatoboka.

Hii yote Sœur Imelda alinielezea na mukono yake juu ya meza, akachora utumbo na sabuni. Hakuna mutu anaweza sema hatukujua.

Mimi mwenyewe nilikuwa na ile ugonjwa yenye crochet ililetwa kwa ajili yake. Endométriose. Nyama ya ndani ya kizazi inaota inje, fasi haina ruhusa, na kila mwezi inatoka damu yenye haina njia ya kutokea. Tangu nilikuwa kasichana, siku zangu zikifika nilikuwa natapika na kukamata ukuta. Mama mukwe wangu, ule wa nyama si ule wa mvuke, alisema balinioza mu nyumba yake nikiwa tayari muzee, juu sikuzaa. Bwana yangu alienda Manguredjipa kutafuta dhahabu, akapata mwanamuke. Nilikunywa miti ya kila aina, baliniombea, balinifunga kamba. Mu lopitali yenye nilikuwa nafanya kazi, banganga balinipatia dawa ya minyoo.

Docteur Muhindo njo wa kwanza aliniamini. Nitasema mubaya yake mbele kidogo, lakini hii nayo niiseme. Aliniweka mukono ku tumbo, akauliza maswali tano, akasema: "Mama Kavira, uliteseka bure myaka hii yote." Nililia mbele yake kama mutoto. Mutu akikuamini mara moja, unamulipia kwa kunyamaza mara kumi. Mujichunge na ile deni.

Sasa mambo ya klore.

Ebola ilianzia Mangina, ikaingia Beni, ikafika kwetu Butembo. Ninyi mulikuwa badogo lakini munakumbuka mandoo ku kila mulango. Tulinawa ku soko, tulinawa ku kanisa, tulinawa ku barrière ya barabara. Hata bale benye balikuwa banasema Ebola ni biashara, balinawa kwanza kisha bakasema. Mudogo wangu Kambale alikufa mu ile magonjwa. Balimuzika mu mufuko, mimi nikisimama mbali kama mutu wa kupita njia. Tangu ile siku harufu ya klore mu pua yangu ilikuwa harufu ya kupona.

Magonjwa ikaisha, ba riposte, bale benye balikuja kupiganisha Ebola, bakaenda, bakaacha mapipa ya klore imejaa dépôt ya lopitali. Gestionnaire wetu, mwenye anashika feza ya lopitali, Mathe, akaona Mungu amemupatia. Wakati ile Sœur Imelda balikuwa bameisha kumutuma Beni, ku lopitali ingine. Mathe akatuita sisi bote ba kuosha.

—Sabuni ya byombo inatoka mbali, na klore iko hapa ya bure. Kuanzia leo byombo byote bilale mu klore kutoka mangaribi mpaka asubui.

Nikauliza:

—Na ile ya camera, Gestionnaire?

—Ebola inachaguaka byombo?

Benzangu bakacheka. Akaongeza:

—Mama Kavira, tangu lini uko docteur?

Sœur Imelda alikuwa amenifundisha: klore ni ya sakafu na mabotte ya miguu. Ukiweka chuma ndani unaikula, ukiweka plastiki unaikausha. Nilijua. Lakini sikilizeni kosa yenyewe, juu hii ni kosa ya sisi batu ya huku, fasi ingine hakuna mwenye angeifanya. Mathe alisema kopo moja kwa ndoo. Mimi nilitia mbili. Hakuna mutu alinituma. Batu ya fasi ingine bangeogopa ile harufu, sisi tuliipenda. Benzangu nao balikuwa banaongeza kila mutu kwa mukono yake, na tulikuwa tunaona ni upendo tunaongezea bagonjwa. Nilikuwa natia kopo ya pili na jina ya Kambale mu roho.

Miezi ikapita. Ngozi nyeusi ya ma crochet ikaanza kuwa ya majivu, kama magoti ya mutoto wa vumbi. Tulikuwa na mbili tu. Siku moja nikapitisha pamba, vile Sœur alinifundisha: unakamata kapamba kati ya bidole mbili, unavuta polepole kutoka ku mukono mpaka ku ncha, unazungusha, unavuta tena. Ngozi nzima haikamataki kitu. Ngozi yenye ufa inaiba nyuzi. Ile siku crochet moja iliniibia nyuzi tatu. Nikaangalia na loupe, ile kioo ya kukuza, nikaona ufa karibu na shingo yake.

Nikamupelekea Docteur Muhindo. Akaingia ofisi ya Mathe kuomba mpya, akatoka na uso ya mutu mwenye bamemufungia mulango. Sasa, Butembo munaijua. Huku hakuna kitu inakufaka. Gari yenye Kampala ilitupa, huku inabeba mbao myaka kumi. Docteur akaweka crochet mu bahasha, akaipeleka ku soko kwa Kakule, mutengeneza maradio. Kakule akachuna kipande ya ngozi ya zamani, akavalisha kaplastiki keusi, kale kenye kanajibana juu ya moto, kenye banavalishaka ku waya. Alijivuna sana. Alisema:

—Hapa hata courant yote ya mashini ya Inga haipite.

Kakule simulaumu. Hakuna mutu alimuambia kama ile kitu inaingia mu tumbo ya mutu. Alifikiri ni ya kuunganisha maradio.

Ingekuwa leo, nisingefanya vile nilifanya. Kiombo yenye imekufa, batoto, hapana muiweke mu tiroir ya kabati. Ya mu tiroir itarudi ku meza. Kamata pince ya kukata chuma, uikate mara mbili, kisha upeleke bipande ku ofisi. Batagomba. Bagombe. Chuma yenye imekatwa hakuna docteur ataomba umupatie "kwa leo tu". Mimi niliiosha na kuiingiza mu mvuke, na mvuke ikakunja plastiki ya Kakule, ikafungua mudomo kadogo pale penye ufa ulikuwa.

Siku ya kwanza ya kazi mu juma, lundi, Docteur akaleta liste ya kesho yake. Banamuke babili, bote endométriose. Wa kwanza alikuwa Kahindo, binti wa Mangina, myaka makumi mbili na sita, mulimaji ya kakao. Wa pili mimi. Nilikuwa nimengoja zamu yangu mwaka muzima.

Nikachukua pamba. Crochet moja, ile nzima, pamba ikapita bila shida. Ile ya Kakule ikakamata nyuzi. Nikaenda kwa Docteur.

—Docteur, ya Kakule imefungua mudomo.

Hakuinua hata kichwa.

—Mama Kavira, kesho niko na banamuke babili na crochet mbili. Ya tatu hakuna. Ule binti ametoka mbali, amefanya siku mbili mu njia. Weka tu. Nitakuwa mwangalifu.

Mwangalifu na kitu yenye haoni. Nilirudi mu chumba. Mbele yangu masanduku mbili ya chuma, namba moja na namba mbili, kufuata liste. Na ma crochet mbili ku meza. Mwenye alikuwa na mikono ya kuchagua ni mimi.

Haikunichukua hata dakika. Ya Kakule niliitia mu namba moja.

Kisha nikafungua registre na kuandika, ku musitari ya kwanza: bon, ni kusema iko muzuri. Ku musitari ya pili: bon. Na signature yangu, mara mbili.

Kahindo nilimuona asubui yake, tumeketi bote juu ya benchi mbele ya sale, tumevaa yale makanzu yenye yako wazi nyuma. Alikuwa mutu wa masihara. Aliangalia makalio yake nyuma, akaniita Yaya, dada mukubwa, akasema:

—Yaya, hii kanzu, fundi aliishiwa kitambaa?

—Ni kusudi docteur apate njia.

—Lakini tumbo iko mbele.

Tulicheka. Aliniambia kila mwezi alikuwa analala kati ya miti ya kakao juu hakuweza kurudi ku nyumba, na batoto ba shule balikuwa banamupita bakifikiri amelewa. Mama yake aliuza mbuzi mbili ili aje. Alitaka kitu moja: kubeba mufuko ya kakao ku kichwa siku yoyote ya mwezi bila kuangalia kalendari. Hakusema mambo ya kuzaa. Alisema mufuko ya kakao.

Balimuita. Akasimama, akashika kanzu nyuma, akaniambia, "Mimi natangulia, nitakuambia kama inauma." Kinywa yangu ilikuwa wazi. Ningeweza kusema neno moja, crochet, na infirmier, muuguzi mwenye alimuita, angesikia. Nilimuambia: "Enda na amani."

Operesheni yangu ilienda muzuri. Hii lazima niiseme vile iko. Docteur Muhindo alitoa ile nyama yote, na tangu ile siku sijakamata ukuta tena. Kila mwezi yenye inapita bila maumivu, ni juu ya ile chuma nzima. Niko muzima, na sijue kuifurahia.

Tulilala bitanda karibu. Siku ya tatu, kesho yake ya operesheni, Kahindo aliumwa mabega, mimi pia. Ile ni gaz, inapanda ku mabega, ni kawaida. Alitembea mu couloir, alikula bouillie, alichokoza ba infirmier. Siku ya ine Docteur akamuacha aende, mimi akanibakisha juu sikuwa na mutu wa kuniangalia ku nyumba. Aliniachia namba ya téléphone yake ku karatasi ya sabuni. Alipanda gari mpaka Beni, na kutoka Beni pikipiki mpaka Mangina.

Siku ya tano asubui akanipigia.

—Yaya, tumbo yangu imekuwa nguvu kama ngoma. Natapika. Yako iko namna gani?

—Inaendelea.

—Donc mimi njo sijue kupona, akasema, na akajaribu kucheka, ikamushinda.

Shikeni hii kwa kichwa: maumivu ya gaz inashukaka kila siku. Yenye inapanda si gaz. Nilijua palepale. Docteur akapita mu visite ya bagonjwa, nikamuambia Kahindo amepiga, tumbo ni nguvu.

—Ni gaz, alisema. Atembee, akunywe tangawizi.

—Inapanda, Docteur.

—Mama Kavira, wewe nawe umepasuliwa juzi. Lala.

Nililala. Hapa, batoto, hapa. Ilibaki neno moja tu ya kusema, ile crochet, na yeye angeelewa, juu alikuwa anaijua. Lakini nikisema crochet atauliza, "Iliingia mu sanduku yake namna gani na si mu yako?" Na registre inasema bon. Nilijigeuza ku ukuta. Nilijiambia labda ni gaz kweli. Nilipitisha ile siku nzima ya tano nikiombea mutu mwenye nilijua atakufa.

Kesho yake, siku ya posho, asubui nikapiga mimi. Mama yake akakamata téléphone. Kahindo hakuwa anasema muzuri tena, alikuwa anaita batu benye hawako. Njo nikaita Docteur, nikasema yote. Crochet, sanduku, yote. Uso yake ikakauka. Hakunigombeza. Alisema tu, polepole, "Mungu wangu, nilisahau ile crochet." Alisahau. Mimi sikusahau hata saa moja, sijue gani ni mubaya zaidi.

Alienda kwa Mathe kuomba gari ya lopitali. Mathe akaja mwenyewe mpaka ku kitanda yangu, na registre chini ya kwapa.

—Hapa imeandikwa bon. Hii signature ni ya nani?

—Ni yangu.

—Basi crochet ilikuwa bon. Na gari haiende Mangina, barabara ni mubaya, basoda ya jeshi bamefunga. Unataka nipoteze chauffeur juu ya tumbo yenye imejaa gaz?

Ni kweli barabara ilikuwa mubaya. Ile wiki batu balikuwa bameuawa mu mashamba ya kule, na batu banakimbilia Beni na magodoro ku kichwa. Mathe alikuwa na bahati ile: kila mara alipotaka kukataa kitu, vita ilimupatia sababu ya kweli.

Nikapigia Sœur Imelda Beni. Hakuuliza mingi. "Umeona ufa na macho yako?" "Na pamba, Ma Sœur." "Basi namutafutia njia ya kufika hapa." Alipata mutu wa pikipiki mwenye alikubali. Kahindo balimufunga na kitenge, katikati ya motard na mama yake, na bakapita kati ya batu benye banakimbia. Basoda balibasimamisha ku barrière, bakaomba carte yake, kitambulisho. Mama akabaambia, "Carte yake ni hii tumbo." Bakaachilia.

Beni balimufungua tumbo palepale, na kisu, njia ya zamani. Sœur Imelda alisimama ndani. Aliniambia kisha: katundu kalikuwa kadogo, kidole kingeziba, kingo zake nyeupe, zimeungua. Tumbo yote imejaa uchafu. Banganga balisema kama angefika siku ya tano, balikuwa na nafasi muzuri. Siku ya posho ilikuwa imechelewa. Alikufa lundi yenye ilifuata, saa ya misa ya asubui.

Sœur hakunilaumu. Mu téléphone nilisikia ndoo inasukumwa nyuma yake, mutu anaosha sakafu. Kisha akasema:

—Kavira, ulitia klore kopo ngapi?

—Mbili, Ma Sœur.

—Mbili, akasema. Na akakata.

Majina ni haya. Gestionnaire Mathe, mwenye aliua byombo na klore ya bure na akakataa crochet na akakataa gari. Mpaka leo eko mu ofisi ile ile, na mufuko ya sadaka ya kanisa ku mukono siku ya Mungu. Docteur Muhindo, mwenye alitia mu tumbo ya mutu kazi ya mutengeneza maradio, na kidonda ya moto akaiita gaz. Alihama, banasema eko Kampala, anafundisha. Kilometa ya maneno yalisemwa juu yangu: kama ni mimi mwenye chuki, kama mwanamuke bila mutoto anaonea bengine wivu. Mathe alisema mbele ya bote ba kazi, "Kavira alisign." Wiki mbili kisha balinipumuzisha, na barua yenye niliomba jirani anisomee mara mbili.

Munaniuliza tufanye nini. Klore, sakafu. Byombo, sabuni. Pamba kila siku, juu ya kila ngozi, mpaka ku shingo. Tena, mu registre hapana muandike bon. Bon si kitu yenye mutu anaona. Andika chenye uliona: "nyuzi tatu, karibu na shingo." Ile maneno hakuna gestionnaire anaweza kuiweka chini ya kwapa yake na kuja nayo ku kitanda ya mutu.

Miezi miwili kisha, mama ya Kahindo alifika kwangu. Alikuwa amekuja Butembo kuuliza karatasi ya operesheni, bakamurudisha ku mulango. Sœur Imelda alimuelekeza kwangu. Ni mama mwembamba, kitenge kimoja na kandambili ya rangi mbili. Mukononi kuku.

Nilimuketisha. Akaangalia nyumba yangu, akaangalia tumbo yangu, akasema:

—Wewe njo ulilala karibu naye.

—Ni mimi.

—Wewe njo ulipiga téléphone tukamutoa. Masista aliniambia. Bila wewe angekufia mu kakao kama nyama ya pori. Wasingya. Wasingya kutsibu, binti yangu.

Ile ni aksanti sana mu luga yetu. Akaniwekea kuku mu mikono, miguu yake imefungwa na kamba ya ndizi. Kisha akauliza, bila hasira, kama mutu anauliza njia:

—Sijue kusoma. Niambie tu majina. Nani alimufanyia hivi?

Nikamuambia mbili.

Akazirudilia, juu hakuwa na fasi ya kuziandika, na hakutaka zimupotee: Mathe, Muhindo. Mathe, Muhindo. Akasimama, akafunga kitenge. Nilimusindikiza mpaka ku barabara. Akaenda akizisema chini ya sauti, mbili tu, na mimi nilisimama pale na kuku yake mukononi mpaka sikumuona tena.